Tulikutana na nywele zetu tukiwa watu wazima

Kuna jambo nikilisema kwenye vikao vya wanawake huwa watu wananyamaza kidogo, alafu mmoja anasema eeh, kweli bana. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali hapa Tanzania tulianza kuzijua nywele zetu tukiwa na miaka 18 au 19. Yaani unaanza darasa la kwanza umenyolewa, unamaliza la saba umenyolewa, form one mpaka form four kichwa kiko wazi, ukifaulu kwenda form five mkasi unakufuata hukohuko, na siku unayoweka kalamu chini kwenye mtihani wa mwisho ndo unaanza kufuga. Zikifika urefu wa kushikika, miezi minne mitano hivi, shangazi au dada mkubwa anakwambia mdogo wangu twende saluni tukaziweke dawa, ile ya kuzinyoosha. Kwahiyo ukikaa ukapiga hesabu, ule muda mwanamke wa kwetu anaoishi na nywele zake kama zilivyoota, kati ya mkasi wa shule na dawa ya saluni, ni miezi michache tu ya maisha yake yote.

Mi naona hapa ndo pa kuanzia tukizungumzia nywele za mtu mweusi. Mijadala mingi ninayoisoma inaanzia Marekani, na historia ile ni yetu pia na nitaigusa sana tu, lakini sisi wa Moshi na Arusha tuna pa kwetu pa kuanzia, na pa kwetu ni paredi ya Jumatatu.

Nimesoma Moshi, shule sitaitaja. Jumatatu asubuhi mwalimu wa zamu anapita kwenye mistari na mkasi mkononi, anaingiza vidole kichwani kwako, nywele zikitokeza kati ya vidole basi anakata njia moja kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini na anakuacha hivyohivyo. Unakaa darasani na hiyo njia mpaka saa za kutoka, na jioni mama hana la kufanya zaidi ya kutoa wembe. Darasani tulikuwa na wenzetu wenye nywele za singa, familia zao zina asili ya Asia, wao waliambiwa wazifunge nyuma kwa kibanio cheusi, basi. Hamna mwalimu aliyetueleza kwa nini na hamna mtoto aliyeuliza, ila tulielewa vizuri sana: za wale zilikuwa nywele, za kwetu zilikuwa uchafu unaorudi kila baada ya wiki mbili. Sasa hivi mi ni mtu mzima, nina watoto, na hilo neno ambalo hakuna aliyelitamka bado naliona machoni mwa wanawake wenzangu wakijiangalia kwenye kioo cha saluni siku dawa imeisha nguvu.

Walimu wana sababu zao na sio za kubeza. Bweni la watoto wengi na bomba moja la maji, nani atazisafisha nywele zote hizo? Mzazi mwenye mabinti wanne atatoa wapi hela ya kusuka kila wiki? Na watoto wakifanana vichwa, wa tajiri na wa maskini hawajulikani, hilo nalo lina uzito, mwalimu wangu mmoja alikuwa analisema kwa uchungu wa kweli maana yeye mwenyewe alisoma peku. Ila ile sababu kubwa inayotajwa kila mara, chawa na mapunye, hapo nina neno. Mapunye ni fangasi, na fangasi hao hawaondoki kwa sababu umenyolewa, wanahama na mashine ile ile inayopita vichwa vya darasa zima bila kufutwa hata na spiriti. Hapa Moshi tuna bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992, kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ngozi ya kichwa nayo ni ngozi, yaani ujuzi upo mlangoni kwetu. Mtoto mwenye mapunye anahitaji vidonge vya fangasi na taulo lake mwenyewe.

Alafu watu wasinielewe vibaya, kunyoa sio jambo geni kwetu hata kidogo. Wamasai, majirani zetu hapa, wana eunoto. Moran anafuga nywele kwa miaka, zinasukwa vimsuko vyembamba virefu mpaka mgongoni, zinapakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na ni fahari yake kuliko nguo. Siku ya eunoto, anapotoka kwenye ujana kwenda kuwa moran mkubwa anayeruhusiwa kuoa, mama yake ndo anamnyoa. Mama mzazi, kwa mkono wake, kijana mzima amekaa chini ametulia na wapo wanaotoa machozi. Wanawake wao ndo wananyoa kichwa chote kinang'aa, shanga zinakaa vizuri, na hakuna anayeona mwanamke kapungukiwa kitu. Pwani kwa Waislamu mtoto akifikisha siku 7 kunafanywa akika, ananyolewa, nywele zinapimwa uzito na uzito huo unatolewa sadaka ya fedha. Huku kwetu Uchagani, nyumbani kwetu walau, baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa, wafiwa wanakaa pamoja nje wanapishana kwenye wembe, na ukimkuta mtu njiani kanyoa unajua kabisa pole inahitajika hata kabla hujamsalimia.

Ukiziangalia hizo zote, kunyoa kulikuwa na upande wa pili. Ulifuga, ukasukwa, ukatunzwa, alafu ukanyolewa na mtu anayekupenda kwa jambo linalojulikana, na baada ya hapo ukafuga tena. Shule ilichukua mkasi peke yake. Ile nusu nyingine, ya mikono ya bibi na mafuta na majina ya misuko, haikuingia getini, na mtoto anayekaa nje ya nusu hiyo miaka 11 au 13 mfululizo anatoka hajui hata nywele zake zikilowana zinakuwaje.

Na hiyo nusu iliyoachwa nje ni kubwa mno. Kule Misri na Sudani wachimbaji wamekuta kwenye makaburi machanuo yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, meno marefu, mapana, mpini umechongwa ndege au mnyama, ukiliona moja unaweza kulichukua leo ukachania afro na likafanya kazi. Mtu alizikwa na chanuo lake! Wanyarwanda walikuwa na amasunzu, nywele zinanyolewa kwa mikunjo kama miezi michanga juu ya kichwa, na msichana mwenye amasunzu alijulikana hajaolewa. Wahimba wa Namibia mpaka leo wanapaka otjize, udongo mwekundu na siagi, na jinsi nywele zilivyosukwa inakwambia huyu ni binti au ni mke wa mtu. Wayoruba wana misuko yenye majina kamili na ile ya kufunga kwa uzi mweusi, ambayo sisi pia tunayo. Bibi yangu Kibosho alinisuka uzi kabla sijaanza shule, nimekaa chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake, anazungusha uzi kutoka kwenye shina mpaka ncha, kichwa kinabaki na mabutu yamesimama kila upande, na kesho yake akifungua nywele zimenyooka zenyewe bila moto na bila dawa. Huo ulikuwa ufundi kamili wa kurefusha nywele, bei yake uzi wa dukani tu. Nikaanza darasa la kwanza, nikanyolewa, bibi hakunisuka tena.

Sasa watu waliokuwa na elimu hiyo ndo walioshikwa na kuvushwa bahari. Wengi walinyolewa vichwa kabla ya safari au melini, wenye meli wakisema ni usafi, na mtu aliyekuwa akitambulika ukoo na hadhi kwa kichwa chake akashuka upande wa pili hatambuliki. Kule shambani hakuna chanuo, hakuna mafuta, hakuna siku ya kukaa katikati ya magoti ya mtu isipokuwa Jumapili. Na bado walisuka. Vizazi vya watumwa waliotorokea misituni kule Suriname na Guyana ya Ufaransa wanasimulia kuwa bibi zao walificha punje za mpunga ndani ya misuko, ndo wakapata mbegu za kuanzia maisha. Kule San Basilio de Palenque, Colombia, wazee wanasimulia kuwa mistari ya msuko ilichora njia za kutorokea. Ni masimulizi ya mdomo, na mi nayaheshimu jinsi yalivyo, maana sisi wenyewe historia yetu kubwa imekaa mdomoni.

Mwaka 1786 gavana wa Louisiana, Esteban Miró, wakati huo koloni hilo liko chini ya Hispania, alitoa amri wanawake weusi na machotara walio huru wafunike nywele kwa kitambaa. Walikuwa wanapendeza kupita kiasi, wanasuka, wanaweka manyoya na vito, wakubwa wakaona mipaka kati ya mweupe na mweusi inafutika. Wanawake wakatii, wakafunga vitambaa. Ila walichagua vitambaa vya bei, wakafunga virefu vya madaha, mpaka ikawa fasheni ya mji. Yaani ukitaka kumjua mwanamke mweusi na kitambaa usihangaike sana, nenda kanisani kwetu siku ya kipaimara uangalie vilemba.

Na Afrika Kusini, baada ya sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi, kulikuwa na kipimo cha penseli. Unachomekewa penseli kwenye nywele, ikidondoka uko salama zaidi, ikinasa unashushwa daraja, na kuna familia ziligawanywa hivyo, ndugu wa tumbo moja. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka simu chini. Nilivikumbuka vidole vya mwalimu wa zamu.

Kuna kipindi serikali yetu nayo iliingia vichwani mwa watu, na kipindi hicho hatukizungumzii vya kutosha. Azimio la Arusha limetangazwa Februari 1967, nchi ina moto wa kujitegemea, na Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wakatangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni minisketi, suruali za kubana, krimu za kujichubua, na mawigi. Wigi lilionekana ni utumwa wa kuiga Wazungu. Na mi naelewa kabisa walichokuwa wanakipigania, mtu ametoka ukoloni juzi hataki kuona binti yake amevaa nywele za mtu mwingine. Lakini miaka hiyohiyo, 1967 na 1968, huku kwetu Arusha kulikuwa na kampeni nyingine ya serikali inayowataka Wamasai waache mavazi ya ngozi, waache kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali na magauni waonekane wa kisasa. Sasa weka hizo mbili pamoja. Binti wa mjini anaambiwa vua wigi urudi kwenye Uafrika, moran anaambiwa osha udongo utoke kwenye Uafrika. Anayeamua ni yuleyule, na wote wawili, mwenye wigi na mwenye udongo, hawakuulizwa.

Wakati huo huko Marekani mambo yalikuwa yanageuka. Vijana wa miaka ya 60 waliacha kunyoosha, wakaachia afro, na afro ikawa kauli ya siasa bila kufungua mdomo. Angela Davis, mwanaharakati mweusi, alipotafutwa na FBI, wapelelezi wa serikali ya kule, mwaka 1970 picha yake yenye afro ilibandikwa nchi nzima, na alikuja kusimulia jinsi wanawake wengine wengi weusi wenye afro walivyosimamishwa na kusumbuliwa na polisi kwa sababu tu ya kichwa. Aliachiwa huru na mahakama mwaka 1972. Mwaka huohuo akafika Tanzania Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, kule Kansas City, ameikimbia Marekani tangu 1970 baada ya kesi ya bunduki, akapitia Algeria, na mwisho yeye na mkewe Charlotte, Mama C wanavyomwita watu, wakajenga maisha Imbaseni hapa Umeruni na kuanzisha kituo cha jamii. Ukiwa Arusha na ukawa mpenzi wa muziki na sanaa, Mama C utakuwa umemwona na dredi zake. Nalitaja hili kwa sababu watu husema nywele asili ni fasheni ya mitandaoni imekuja juzi na vijana wa Instagram. Historia hiyo imeishi hapa, kwenye barabara ya kwenda Moshi, miaka zaidi ya 50.

Kenya nao wana yao. Wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 50 walikaa msituni nywele zikajisokota. Muthoni wa Kirima, aliyefikia cheo cha field marshal, hakuzikata hizo nywele tangu msituni mpaka Aprili 2022, na aliyezikata ni Mama Ngina, mjane wa rais wa kwanza Jomo Kenyatta. Akafariki mwaka uliofuata. Miaka karibu 70 mtu amebeba vita kichwani. Alafu kijana mwenye dredi akipita stendi unasikia watu wanaita mvuta bangi.

Turudi kwenye dawa, maana hapa ndo penye fedha na ndo penye madhara.

Kabla ya dawa kulikuwa na kitana cha moto, na kizazi cha mama yangu wanakijua. Chuma kinalazwa juu ya mkaa, kinachukuliwa kwa kitambaa, kinajaribiwa kwenye gazeti kwanza, gazeti likigeuka rangi ya kahawia unasubiri kidogo. Nywele zimepakwa mafuta ya mgando, kitana kikigusa kinalia chwiii na moshi unapanda, na wewe umelikunja sikio kwa mkono wako mwenyewe kulificha. Mama ana kovu dogo nyuma ya sikio mpaka leo. Zinalala vizuri, zinang'aa, harusi inahudhuriwa, alafu mvua moja tu ya Moshi inakukuta njiani na zinarudi kama zilivyokuwa. Watu wengi wanasema kitana hicho kilibuniwa na Madam C. J. Walker, sio kweli, kilikuwepo kabla yake. Mama huyu, jina lake la kuzaliwa Sarah Breedlove, alizaliwa Louisiana 1867, wa kwanza kwenye familia yake kuzaliwa akiwa huru, na biashara yake ilianza kwa sababu nywele zake mwenyewe zilikuwa zinapukutika kwa ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Bidhaa yake kubwa ilikuwa mafuta ya mgando yenye salfa ya kutibu ngozi. Aliajiri maelfu ya wanawake weusi kuuza mlango kwa mlango na alipofariki 1919 alikuwa miongoni mwa wanawake matajiri zaidi Marekani waliojitafutia wenyewe. Yaani biashara ya nywele zetu ilianza na mwanamke anayetaka zipone.

Baadae ikaja kemikali. Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, amesimulia jinsi alivyonyooshwa nywele akiwa kijana kule Boston kwa mchanganyiko wa mayai, viazi na kostiki soda, kichwa kinawaka moto. Sasa hiyo kostiki soda ndo hiyohiyo wanayotumia kina mama wa vikundi kutengenezea sabuni, wanavaa glovu na kuambiwa wasiiguse, na ndo iliyomo kwenye nyingi ya dawa za nywele za kopo. Unywele umejengwa na protini inaitwa keratini, na kinachoipa umbo la kujisokota ni viunganishi vya salfa ndani yake. Dawa inavunja viunganishi hivyo na havirudi tena. Zile zinazoandikwa hazina kostiki zinatumia kemikali nyingine kali ya aina hiyohiyo, ukali wake haupishani sana. Miaka ya 80 na 90 ikawa zamu ya kalikiti, nywele zinalegezwa alafu zinapindwa upya kwa rola, kola ya shati inalowa mafuta, akina baba nao walikuwemo, albamu za harusi za mitaa ya Majengo na Kaloleni zimejaa.

Oktoba 2022 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 wenye umri wa miaka 35 mpaka 74 kwa karibu miaka 11. Waliopata saratani ya mji wa mimba walikuwa 378. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha, makadirio ya kupata saratani hiyo kabla ya kufika miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, kwa wale wanaotumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka yakapanda mpaka asilimia 4.05. Utafiti wa namna hii haukati shauri kwamba dawa ndo iliyosababisha, unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, na bado wanne kati ya mia ni wachache. Lakini mi nina mabinti. Kuritachi, yaani kurudia dawa nywele mpya zikiota, kwetu ni kila wiki nane au kumi, piga hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa mwaka, na tunaanza na watoto wa kipaimara.

Nywele zetu hazikuhitaji vita hii. Tundu linalootesha unywele wetu limepinda, na unywele wenyewe ukiukata ni bapa kidogo, hauko mviringo, ndo maana unajizungusha. Mafuta ya asili kutoka kwenye ngozi yanashindwa kuteremka kwenye hizo kona mpaka ncha, kwahiyo zinakauka upesi, na kila kona ni sehemu rahisi kukatika. Ni hivyo tu. Zinataka maji, zinataka mafuta juu ya maji, zinataka zigawanywe mafungu na zichanwe zikiwa mbichi, kuanzia nchani kupanda juu, kwa chanuo lenye meno mapana. Yale maumivu tunayoyakumbuka utotoni, ule mvutano wa asubuhi kichwa kinarudi nyuma na machozi yanatoka, yalikuwa ni ya kitana chembamba kwenye nywele kavu. Hakuna aliyetufundisha, na aliyetakiwa kutufundisha naye alinyolewa shuleni.

Aliyenifundisha mimi ni msusi mmoja anayekaa nje ya duka pale Mbuyuni, mtu wa Kondoa, umri wa mama yangu. Siku ya kwanza nimekaa, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akagusa pembeni ya kichwa changu na hakuanza kusuka.

"Mwanangu, panja zako zimeenda wapi?"

Nikamwambia ni misuko, nasukwa kule mjini Arusha.

"Wanakuvuta. Ukisukwa ukashindwa kulala, ukatoka vipele kwenye shina, hapo unang'olewa. Mimi nikikusuka nikakuumiza uniambie palepale, usinionee haya."

Alafu akaanza, na mi natamani ningeweza kuwaonyesha ile mikono. Ananyunyiza maji, anapaka mafuta ya nazi kidogo, mkia wa kitana unachora mstari kutoka kwenye paji mpaka kisogoni bila kupinda na bila kuangalia mara mbili. Anashika tatu nyembamba kabisa kama uzi. Kila anapopitisha ya pembeni chini ya ile ya katikati, kidole cha mwisho kinachota nywele kidogo kutoka kichwani, kidogo tu, kwahiyo msuko unakua taratibu huku umelala kwenye ngozi. Rasta, zile nywele bandia za kusukia, haiingizi mwanzoni. Anaacha nywele zangu zitangulie peke yake kama urefu wa ukucha, ndo anaingiza nyuzi chache, mbele kidogo anaongeza nyingine, ili zile nywele changa za panjani zisibebe mzigo wowote. Wasusi wengi wanaanza na fundo la rasta palepale mbele kwa sababu ni haraka, na hapo ndo panja zinapoondokea. Wataalamu wa ngozi wanasema kuvuta huko kukiachwa mapema nywele zinarudi, kukiendelea miaka tundu linaziba kwa kovu na hazirudi tena. Yule mama hajasoma hilo mahali, anasema amelijua kwa kuangalia vichwa. Na anajua majina, twende kilioni, yeboyebo, mabutu, na mengine ya kwao Urangini ambayo sikuwahi kuyasikia, na kila jina lina mkono wake.

Hizi siku mambo yanasogea kwa maandamano, kwa sheria na mahakamani. Pretoria mwaka 2016 mabinti wa sekondari waliandamana kwa sababu ya sheria za nywele za shule yao, Zulaikha Patel akiwa na miaka 13 amesimama mbele na afro yake. California ilipitisha sheria 2019 ya kuzuia mtu kubaguliwa kazini au shuleni kwa msuko au dredi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kenya ikasema binti wa Kirasta asifukuzwe shule kwa dredi zake, na Malawi Mei 2023 mahakama ikaamua hivyohivyo kwa shule zote za serikali. Sisi 2019 tulipata kodi, ushuru wa asilimia 25 kwa mawigi na nywele bandia za kutoka nje, asilimia 10 kwa zinazotengenezwa ndani. Kuna watu wa nywele asili walishangilia. Mi sikushangilia. Mwanamke akipenda wigi avae wigi lake kwa amani, wengine nywele ziliondoka na saratani, wengine na panja, wengine wamependa tu, na nchi hii ilishajaribu 1969 kumvua mwanamke wigi bila kumrudishia elimu ya kilicho chini yake.

Ninachokitaka ni kidogo na hakina gharama. Shule ziruhusu twende kilioni, nywele za mtoto mwenyewe, bila rasta, bila shanga, mistari iliyolala, wote wafanane. Shule nyingi binafsi hapa Moshi na Arusha zinaruhusu na ufaulu wao haujashuka kwa sababu ya nywele. Mwenye kupenda kunyoa anyoe, iwe hiari, na mashine ifutwe spiriti. Twende kilioni mtu mwenye mkono mwepesi anaimaliza ndani ya saa moja na inakaa wiki. Msusi wa kulipwa hahitajiki, bweni lina mabinti wengi na daima kuna watatu wanne wanaojua, ndo hao wafundishe wengine, Jumamosi mchana usafi ukiisha, mikeka itandikwe uwanjani, kopo la maji, mafuta ya nazi, machanuo ya meno mapana, na mwalimu wa zamu akitaka naye avute kiti asukwe.